Vibanda Vitatu Juu ya Mlima
Dominika ya Pili ya Kwaresima



Injili tunayosomewa katika Dominika ya Pili ya Kwaresima, mwaka nenda mwaka rudi, hutupeleka mlimani. Yesu anawatwaa Petro, Yakobo na Yohane, anapanda nao juu ya mlima mrefu, na huko wanamwona katika utukufu ambao hawakupata kuuona walipofuatana naye katika njia za vumbi za Galilaya. Mapokeo yanasema mlima huo ni Tabor. Wainjili wenyewe hawakuutaja kwa jina, nami naona kunyamaza kwao kunatufaa sisi tulio mbali na nchi ile, kwa kuwa kila msikilizaji aweza kuuwazia mlima anaoufahamu. Wapo wanaonisikiliza asubuhi hii wakiwa Lushoto, wengine Mgeta, wengine chini ya Rungwe. Mimi nitauzungumzia Kilimanjaro, maana ndio mlima ambao watu wengi zaidi kutoka kila pembe ya dunia huja kuupanda, na kwa hiyo ndio unaotuonyesha waziwazi kuliko mingine jinsi mlima unavyoweza kupendwa na kuumizwa na watu wale wale.

Kabla ya hayo yote, tusisahau kuwa Yesu alipanda. Luka anaongeza kwamba alipanda ili asali. Hakuwa akitafuta kuni huko juu, wala majani ya ng'ombe, wala mizizi ya dawa. Nalisema hili kwa sababu yako mawazo yaliyoenea miongoni mwetu kwamba kupanda mlima bila shughuli ya namna hiyo ni mchezo wa Wazungu wenye fedha nyingi na siku za kupoteza. Mzee mmoja akimwona kijana wa parokia amefunga mkoba mgongoni anaelekea lango la Marangu, humwuliza, "Mwanangu, huko juu umeangusha nini?" Swali hilo lina ucheshi wake, lakini jibu lake si gumu. Mwenyezi Mungu aliyetuamuru kufanya kazi siku sita ndiye aliyetuamuru pia kupumzika, na pumziko la mwanadamu si usingizi peke yake. Kutazama viumbe vya Mungu kwa utulivu, kuchoka kwa mwendo, kunyamaza mbele ya kitu kikubwa kuliko sisi, hayo nayo ni sehemu ya pumziko.

Kanisa halikuuchukia mwendo wa milimani. Papa Pio wa Kumi na Moja, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 1922 hadi 1939, alikuwa mpanda milima hodari katika ujana wake. Mwaka 1889, akiwa bado padre Achille Ratti, aliupanda mlima Monte Rosa katika safu ya Alpi kwa upande ulio mgumu. Mwaka huo huo, mwezi Oktoba, Mjerumani Hans Meyer na Mwaustria Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo, wakisaidiwa na wenyeji waliojua njia za msituni. Watu wa Marangu hadi leo humkumbuka Mzee Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa waongozaji hao. Papa huyo ndiye aliyemtangaza, mwaka 1923, Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima. Tena Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, alipokuwa padre huko Poland, alikuwa na desturi ya kuwachukua vijana milimani na kuwaadhimishia Misa mahali pa wazi. Kwa hiyo kijana anayejibiwa kwa kicheko na mzee wake ana mashahidi wazuri.

Sasa tumtazame Petro. Alipoona utukufu ule alifurahi kupita kiasi, akapendekeza vijengwe vibanda vitatu: kimoja cha Yesu, kimoja cha Musa, kimoja cha Eliya. Luka anasema kwamba hakujua alilokuwa akilinena. Wafafanuzi wa Maandiko wamelieleza neno hilo kwa namna nyingi, wengi wao wakiihusisha rai ya Petro na Sikukuu ya Vibanda ya Wayahudi. Siyapingi maelezo yao. Lakini naomba niruhusiwe kuona pia katika maneno yale tabia iliyo ndani yetu sote: mtu akiona mahali pazuri, wazo lake la kwanza ni kusimamisha kitu pale. Hatosheki kuona. Anataka paa, kuta, na pengine bango lenye jina lake.

Kilimanjaro kuna vibanda tayari, na si dhambi kuwa navyo. Katika njia ya Marangu mpandaji hulala Mandara, kisha Horombo, kisha Kibo. Katika njia nyingine, kama ya Machame na ya Lemosho, watu hulala katika mahema. Kibanda kilichojengwa mahali pamoja, chenye choo na shimo la maji machafu, chaweza kuudhuru mlima kidogo kuliko mahema yaliyotawanyika ovyo. Swali ni lini tuseme inatosha. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya mpango wa kujenga gari la waya la kuwapandisha wageni mlimani, na wapagazi na waongozaji wakapaza sauti kuupinga kwa kuhofia riziki yao. Walioutetea walikuwa na hoja isiyopasa kudharauliwa: mzee wa miaka sabini, au mtu mwenye ulemavu wa miguu, naye ni mtoto wa Mungu, kwa nini anyimwe kuona? Mimi nakiri kwamba hoja hiyo inanigusa. Hata hivyo sikubaliani na mpango wenyewe. Mwili wa mwanadamu hauzoei hewa nyepesi kwa haraka, ndiyo sababu neno linalosikika zaidi katika njia zote za mlima ule ni "pole pole." Aidha, kwa mtu asiyeweza mwendo mrefu ziko njia nyingine za kuufurahia mlima. Msitu kutoka lango la Marangu hadi Mandara, na shimo la volkeno la Maundi lililo karibu nacho, watu huenda na kurudi siku moja. Uwanda wa Shira hufikiwa kwa barabara hadi mbali juu. Tukitaka kumhudumia mlemavu, tuanze kwa kutengeneza njia nzuri katika sehemu ya chini, ambayo ndiyo yenye uhai mwingi zaidi. Na wala si ya kudharauliwa, kwa kuwa katika mabonde ya msitu wa mlima huo ndimo watafiti walimopima mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika, wenye mita 81 na nusu.

Hapa nataka nisimame kidogo, maana wengi wetu tunaujua mlima kwa kichwa chake tu. Tunaiona theluji kwenye noti, kwenye chupa na kwenye kalenda, tunadhani mlima ni theluji. Barafu ile inakwisha. Kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa karne hii zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake ilitoweka, na sababu zake nyingi ziko mbali na uwezo wa mtu mmoja wa Kibosho au Rombo. Lakini maji tunayokunywa hayatoki hasa katika barafu. Yanatoka msituni. Mvua nyingi hunyesha katika ukanda wa msitu wa upande wa kusini, zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Na juu zaidi, mahali ambapo mawingu hupita yakigusa ardhi, miti yenye kuvikwa kuvu na ndevu za mwani hunasa ukungu na kuudondosha chini tone kwa tone, hata siku isiyo na mvua. Maji hayo huzama, hutokeza katika chemchemi, huingia katika mifongo ambayo mababu wa Wachaga waliichimba kwa ustadi mkubwa kuyapeleka katika vihamba vyao vya migomba na kahawa, kisha hushuka hadi mto Pangani na bwawa la Nyumba ya Mungu, na huko huzungusha mitambo ya umeme. Zaburi ya 104 inamsifu Mungu anayeinywesha milima kutoka juu, anayewapa wanyama wa mwituni maji na kuwaweka wibari katika miamba. Wibari ni huyu huyu tumwitaye pimbi, ambaye binamu yake hulia usiku katika miti ya Kilimanjaro kama mtu aliyekabwa, na wageni wengi wameshindwa kulala kwa ajili yake. Mzaburi alimkumbuka mnyama mdogo kiasi hicho. Alijua kwamba mlima una wenyeji kabla ya sisi kufika.

Adui mkubwa wa msitu huo wa juu ni moto. Wazee wa Uchagani husimulia kwamba Mawenzi alikuwa mzembe wa moto; kila mara ulimzimikia, akaenda kwa jirani yake Kibo kuomba kaa, hata Kibo akachoka, akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi hadi leo amejaa mapengo na makovu. Ni hadithi ya watoto, lakini waliotunga walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugomvi juu ya moto ni jambo zito mlimani. Mwezi Oktoba mwaka 2020 moto ulizuka katika eneo la Whona, kati ya Mandara na Horombo. Maelezo ya kwanza yaliyotolewa na wakuu wa hifadhi yalisema kwamba ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula. Uliwaka kwa siku nyingi, ukateketeza makumi ya kilomita za mraba za vichaka, na mamia ya watu walipanda kwa miguu kuuzima kwa matawi, majembe na mikono yao. Mwaka 2022, mwezi huo huo wa Oktoba, moto ulizuka tena karibu na kambi ya Karanga. Vichaka vya sehemu ile hukua polepole kwa sababu ya baridi. Moto ukirudi kabla havijakomaa, msitu haupandi tena kwenye eneo lake la zamani. Mpaka wake hushuka, na kila unaposhuka tunapoteza miti iliyokuwa ikinasa ukungu. Ndiyo maana kuni hairuhusiwi katika kambi za hifadhi, na chakula hupikwa kwa gesi au mafuta ya taa. Sheria hiyo si ukali wa askari wa hifadhi. Ni kisima cha watu wa chini kinacholindwa.

Lakini nimesema "wapagazi waliokuwa wakipasha chakula," na baadhi yenu mmekwisha kuwahukumu. Nawaombeni mngoje.

Mgeni mmoja anayepanda Kilimanjaro mara nyingi hufuatana na watu watatu au wanne: mwongozaji, mpishi, na wapagazi wanaobeba hema, chakula, meza, viti, maji, na siku hizi hata choo. Kundi la wageni kumi, basi, laweza kuwa kundi la watu hamsini wanaolala, wanaokula na kujisaidia katika mlima. Tukihesabu wageni peke yao tunajidanganya kuhusu uzito ambao mlima unaubeba. Na hao arobaini waliobaki, ambao wenyewe huitana wagumu, ndio wenye makoti mepesi zaidi, mahema yaliyochakaa zaidi na chakula kidogo zaidi. Wapo waliofia mlimani kwa baridi. Kanuni ya hifadhi inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, nao hupimwa kwa mizani langoni. Ila mizani iko langoni, na njia ni ndefu. Tangu mwaka 2003 kuna shirika linalofuatilia haki za wapagazi wa Kilimanjaro, jambo linaloonyesha kwamba haki hizo hazikuwa zikijitunza zenyewe.

Sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inamwagiza mwajiri amlipe kibarua maskini ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, maana ameuwekea moyo wake. Na Mtume Yakobo anasema kwamba ujira uliozuiliwa hulia, na kilio chake humfikia Bwana. Wako waajiri katika biashara ya utalii wanaolipa ipasavyo na kwa wakati. Wako pia wanaomwambia mpagazi asubiri bakshishi ya mgeni, kana kwamba hisani ya mtu mwingine ni mshahara. Mtu mwenye njaa, aliyelowa, asiyepewa mafuta ya kutosha ya kupikia, atawasha moto pale atakapopata kijiti. Mtu anayebeba kupita kiasi ataangusha mfuko wa takataka nyuma ya jiwe, kwa sababu ndio mzigo pekee asiodaiwa na mtu. Mimi simtetei anayewasha moto. Nasema tu kwamba mwenye kutaka mlima safi kwa bei ya chini kabisa anataka vitu viwili visivyokaa pamoja. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba mateso ya ardhi na mateso ya maskini hayatenganishwi, na sidhani kama kuna mahali fundisho hilo linaonekana kwa macho kuliko katika mgongo wa mpagazi.

Naomba sasa radhi kwa wale wanaosikiliza wakiwa mezani, maana Maandiko yenyewe hayaoni haya juu ya jambo linalofuata. Katika sura ya 23 ya kitabu hicho hicho, Waisraeli waliokuwa kambini waliamriwa wawe na mahali nje ya kambi, na kila mtu awe na kijiti cha kuchimbia pamoja na silaha zake. Akienda haja achimbe shimo, kisha afukie. Na sababu iliyotolewa si ya afya tu. Ni kwamba Bwana hutembea katikati ya kambi. Nimewahi kuwauliza wanakwaya waliorudi kutoka mlimani ni nini kiliwashangaza zaidi. Wakataja machweo, wakataja baridi, na mwishowe, kwa aibu, wakataja karatasi za chooni zilizonaswa kwenye vichaka. Huko juu kabisa hata amri ya Musa haitoshi, kwa kuwa ardhi ni miamba na baridi huzuia uchafu usioze. Unachofukia mwaka huu kitakuwapo baada ya miaka. Yapasa kitumike choo cha kambi, au cha kubebeka, na kilichopandishwa kishushwe. Serikali yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Ni hatua njema, lakini hakuna sheria itakayomfuata mtu nyuma ya kila jiwe. Huko ni dhamiri yake tu inayofuatana naye, na Yule aliyesemwa kwamba hutembea kambini.

Liko jambo jingine, nalo huenda likawaudhi baadhi ya watu wenye mamlaka. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili kandokando ya msitu, ili wananchi wa vijijini wapate humo kuni, majani na miti ya matumizi yao bila kuingia katika msitu wenyewe. Hifadhi ya Taifa ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa rasmi mwaka 1977, na mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2005 msitu, pamoja na ukanda huo, uliunganishwa na hifadhi. Wataalamu walikuwa na sababu: ukanda ulikuwa umechakazwa, na miti mikubwa ikipasuliwa mbao usiku. Lakini mtazame mama anayekaa mpakani. Anaona kila asubuhi magari ya wageni yakiingia langoni, watu wanaokwenda msituni kwa furaha yao. Naye akiingia kuokota kuni kavu za kupikia ndizi za watoto wake, anaweza kuitwa mhalifu. Kwake yeye, neno hifadhi lina sura ya mtu mwenye bunduki. Mtafsirie mama huyo uzuri wa mazingira uone atakavyokutazama.

Sisemi mipaka ifutwe. Nimekwisha kueleza kwamba bila msitu hakuna mfongo wala ndizi. Nasema kwamba pumziko la mgeni haliwezi kuwa na uzito kuliko jiko la mwenyeji, na kwamba mapato ya mlima, ambayo yanasaidia pia kuziendesha hifadhi nyingine za nchi yetu zisizojitosheleza, yaonekane kwanza kwa jirani wa mlima: katika miche ya kupandwa vihambani, katika majiko yanayotumia kuni kidogo, katika gesi ya samadi kwa mwenye ng'ombe wawili zizini, katika ajira za vijana. Na katika kusikilizwa. Aliyezaliwa chini ya mlima anajua chemchemi ipi imekauka na mwaka gani. Mikutano ya kupanga mambo ya mlima inayofanyika katika ukumbi wa hoteli, bila yeye, inakosa maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote.

Wengine watasema: kama mlima unaumizwa hivi, ufungwe, asipande mtu. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 19, Mungu anamwagiza Musa aweke mipaka kuuzunguka Sinai, watu wasiuguse. Watu wa hifadhi hupenda sana sura hiyo nikiwatajia. Huwa nawaomba wasome mbele kidogo hadi sura ya 24, ambapo Musa anapanda pamoja na Haruni na wazee sabini, wanamwona Mungu wa Israeli, wanakula na kunywa mbele zake. Mpaka na mwaliko vimewekwa na Bwana mmoja juu ya mlima mmoja. Wazee hawakupanda kila siku, wala hawakupanda taifa zima, wala hawakupita kila upande.

Mambo yanayofanana na hayo yanawezekana kwetu. Tangu mwaka 1991 hakuna anayeruhusiwa kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji. Ni mpaka, na umeokoa maisha. Njia iliyochakaa kwa mvua na miguu yaweza kupumzishwa, kama mkulima apumzishavyo shamba. Idadi ya watu katika kambi moja kwa usiku mmoja yaweza kuwekewa kikomo, hata ikiwa ni siku za sikukuu, na hata ikiwa ni wiki ya tarehe 9 Desemba, ambapo Watanzania wengi hupanda kuikumbuka siku ya mwaka 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliposimamisha Mwenge na bendera kileleni. Na mpandaji mwenyewe ana mpaka wa kujiwekea: kutembea ndani ya njia hata ikiwa na matope, badala ya kukanyaga pembeni na kuifanya njia moja kuwa tano, kutoondoka na maua wala mawe, kutopiga muziki kwa sauti kuu mahali ambapo wengine wamekuja kusikia kimya. Hiki ni kipindi cha Kwaresima. Tunafunga nyama, wengine wanafunga pombe. Kufunga kukanyaga nako ni kufunga.

Vijana wa parokia kadhaa wameniandikia kwamba wanakusudia kupanda katika juma la Pasaka. Nawapongeza. Nawaombeni, kabla ya kutoa fedha kwa mtu yeyote anayewaandalia safari, mwulizeni maswali matatu: wapagazi wako unawalipa kiasi gani kwa siku, wanalala wapi, na takataka zetu zitashuka na nani? Anayejibu kwa wepesi mtamtambua. Anayekasirika mtamtambua pia. Na ikiwa bei yake ni ndogo kuliko ya wenzake wote, ulizeni imepunguziwa wapi.

Injili ya Luka haiishii juu ya mlima. Siku ya pili yake waliposhuka, umati mkubwa uliwalaki, na katika umati ule alikuwamo baba aliyekuwa akilia kwa ajili ya mwanawe wa pekee, mgonjwa, ambaye wale mitume waliobaki chini walikuwa wameshindwa kumsaidia. Vibanda havikujengwa. Yesu aliagiza mtoto yule aletwe kwake. Wengi wa wanaopanda kwa Machame na Lemosho hushukia Mweka, na pale langoni, wakati wageni wanapopewa vyeti vyao na kupiga picha, wagumu husimama pembeni karibu na mizigo waliyoitua, wamekaa kimya, wakingoja majina yao yaitwe. Vijana wangu, mkifika pale, msipande gari kabla hamjajua kama wameitwa wote.